Nyota ya Mianzi

Bi Orawan hakuwa amelala, na alitaka kila mtu alijue hilo. Alikaa kwenye kibaraza cha mwenyekiti wa kijiji cha Huai Sakat, kofia ya dada yake aliyepotea imelala mapajani, na kila Inspekta Buasi alipomuuliza jambo moja, yeye alijibu matatu ambayo hakuulizwa. Kwamba hoteli ya juzi ilikuwa na kunguni. Kwamba vijana wa polisi walikuwa wanacheka kule chini ya mti, na yeye hakuona cha kuchekesha. Kwamba dada yake, Saowapha, alikuwa mwalimu kwa miaka mingi na hakuwahi kuchelewa mahali popote, hata kwenye mazishi ya mumewe.

Inspekta Buasi alimwacha aseme. Macho yake yalikuwa juu ya mlima, kwenye mawingu yaliyokuwa yanajikusanya upande wa mpaka wa Laos. Alikuwa binti wa Pua, huko huko bondeni Nan, na hakuhitaji redio kumwambia mvua ile ingefanya nini. Ikinyesha kule juu, vijito vyote vya huku chini hupanda kwa ghafla, na mtu aliyeanguka kando ya maji hana wa kumtetea.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kundi la watu tisa, karibu wote wazee, kutoka Nonthaburi, jirani na Bangkok, walikuja na basi dogo kutembelea vijiji vya Walua, wenyeji wa milimani. Kimoja waone wafumaji, kingine wanywe chai, cha tatu waone maporomoko ya maji. Jana baada ya chakula cha mchana, hapa Huai Sakat, kiongozi wa msafara aliwahesabu kabla ya kupanda gari akapata wanane. Walitafuta mpaka giza likawashinda. Leo asubuhi wametafuta tena, na sasa jua lilikuwa limeanza kuinamia upande wa pili, na Saowapha bado hajaonekana.

"Mligombana naye jana," alisema Buasi.

"Nani kakwambia?"

"Dereva."

"Dereva aendeshe gari." Bi Orawan alikunja ukingo wa kofia, akaukunjua. "Tuligombana, ndiyo. Alikuwa ananiaibisha. Kila tukisimama, yeye huyo, kaingia porini kuchuma mboga. Watu wanatoka mbali kuja kuona milima, dada yangu anachuma kangaga! Nikamwambia, Nonthaburi hakuna soko? Akaninunia."

"Kangaga?"

"Yale majani machanga yaliyojikunja ncha. Ukiyachemsha na samaki… Mfuko wake uko chini ya kiti. Nenda kaangalie, unanuka matope gari zima."

Buasi alimgeukia Sajini Inta, mzee wa kituo, mnene, aliyebakiza miezi michache astaafu na ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Inta akaenda bila kukimbia. Alirudi na mfuko wa plastiki mkononi, akilalamika kwamba mizigo ya watu hawa imefungwa kama ya wahamiaji. Kila begi limezungushiwa kamba nyekundu ya nailoni na yule kiongozi, hata mfuko wa mboga ulibidi aufungue kwa meno. Buasi alimwaga majani yale kwenye sakafu ya mbao. Yalikuwa yamenyauka, ya jana asubuhi, ya kijiji cha kwanza. Na mfuko haukufika hata nusu.

Aliyatazama kwa muda. Kangaga haioti mahali pakavu. Inataka kivuli na maji yanayotiririka. Na mpenda mboga mwenye mfuko nusu bado ana kazi.

Lakini kwanza kulikuwa na Bwana Thaworn. Dereva alimwona akitembea na Saowapha nyuma ya ghala la mpunga, na kijana mmoja wa polisi, kwa bidii ya ugeni kazini, alikuwa ameikuta skafu ya mwanamke huyo ndani ya begi lake. Kundi zima lilishamhukumu. Walikuwa wamesogeza viti vyao mbali naye, na wenyewe walikaa wakinong'ona. Bwana Thaworn, mjane wa miaka sabini mwenye suruali iliyopigwa pasi hata porini, alijibu maswali ya Buasi akitazama viatu vyake. Skafu alipewa. Kwa nini hakusema? Kwa sababu binti yake naye yuko safarini, ameketi pale, na hajamwambia bado kwamba baba yake amepata mtu wa kuzungumza naye. Waliagana wapi? Kwenye ukingo wa shamba la chai. Saowapha alisema anachungulia kitu kidogo, arudi sasa hivi.

"Ukamwacha aende peke yake?"

"Alisema anaona haya nikimtazama akichuma," Bwana Thaworn alisema. "Afande, mtafuteni. Mengine mtaniuliza baadaye."

Buasi alimwamini, na kuamini huko hakukumpa nafuu yoyote. Afadhali mwizi au mgomvi. Mtu huwa na mahali anapokwenda, unaweza kumfuata. Hofu yake sasa ilikuwa na umbo la maji.

Akamwita kiongozi wa msafara. Thanu alikuwa kijana wa mjini Nan, mwenye ulimi wa asali na fulana yenye jina la kampuni yake kifuani, na tangu asubuhi alikuwa akiwagawia wazee maji na kuwafariji. Alieleza walikotafuta kwa mpangilio mzuri. Shamba la chai lote. Barabara mpaka kwenye daraja. Mashamba ya mpunga wa mlimani, visima, vibanda vya walinzi wa ndege. Wanaume wote wa kijiji walitoka.

"Na njia ya maporomoko? Ile inayoshuka kwenye korongo kwenda kijiji cha Pha Lak?"

"Ile imefungwa, afande. Watu wa chini wamefunga, wana mambo yao ya mizimu. Nyota imetundikwa. Nilikwenda mwenyewe kuangalia, haijaguswa. Hajapita kule."

Buasi alimtazama mwenyekiti, Mzee Sonkham, aliyekuwa akitafuna majani ya chai yaliyochachuliwa. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Imefungwa, alisema, kama mtu anavyosema ng'ombe ana pembe. Vijana wake waliiona nyota kwa mbali jana mchana, wakageuza. Hakuna Mlua ambaye angefanya vinginevyo.

Kwa watu hawa taleo, nyota ya vipande vya mianzi iliyofumwa na kutundikwa juu ya mti, ni mlango uliofungwa. Kijiji kinapotambikia mgonjwa au shamba, nyota husimamishwa njiani, na hakuna anayeingia wala kutoka mpaka ishushwe. Anayeivuka anaharibu tambiko, na mgonjwa akifa, damu ni yake. Hata Buasi, mtu wa bondeni, bibi yake alikuwa akiziweka shambani, na akiwa mtoto alichapwa kwa kuichezea moja. Ndiyo maana alipokutana nayo uso kwa uso, ng'ambo ya shamba la chai, mguu wake ulisimama kabla yeye hajauamuru.

"Wewe pita kwanza, afande," Inta alisema nyuma yake. "Mimi nina wajukuu."

"Sijasema tupite. Nataka kuiona."

Alisogea karibu. Aliwaza kwamba labda hakuna mwingine aliyefika karibu kiasi hiki, maana heshima ya nyota ni kugeuka ukiiona tu. Hapo ndipo moyo ulipoanza kumwenda mbio. Nyota inayofunga njia hukatwa siku hiyo hiyo, mianzi ikiwa mibichi. Huchomekwa tawi la majani ubavuni, na hupakwa damu ya kuku, na manyoya mawili matatu hugandia hapo. Hii ilikuwa kavu na ya manjano. Iling'aa, mtu alikuwa ameipaka vanishi. Katikati, mahali vipande vinapokutana, palikuwa na tundu la msumari, kwa ajili ya kuitundika kwenye ukuta wa mgahawa au sebule. Na ilikuwa imefungwa kwenye mti wake kwa kamba nyekundu ya nailoni.

"Hii imetoka dukani," alisema.

Inta alisogea, akaigusa kamba, ile ile aliyoifungua kwa meno.

Buasi aligeuza macho kushoto. Shamba la chai lilishuka mteremko mpaka karibu na korongo, na kutoka pale mtu angeweza kuingia njiani chini zaidi ya ilipo nyota bila kuiona kabisa. Upande ule, kwenye unyevu, kangaga ziliota kwa wingi. Mashina yaliyo karibu hayakuwa na ncha. Yalikuwa yamekatwa kwa kucha, moja baada ya jingine, yakishuka. Baada ya hapo udongo mwekundu ulikuwa umemeguka, mpya, na njia haikuonekana tena.

Aliita jina la Saowapha kwa nguvu zake zote. Maji ndiyo yaliyojibu.

"Twende," alisema, akaanza kufungua mkanda wa bastola ili usimsumbue.

Inta alimshika mkono. "Dada yangu, sikiliza. Ule udongo haujamaliza kuporomoka. Tukishuka wawili bila kamba na bila mtu anayejua pa kukanyaga, tutakuwa watatu wa kutafutwa. Hao Walua ndio wanaolijua korongo."

Alisema kweli, na Buasi alichukia kwamba alisema kweli. Walirudi kijijini, na safari hii Sajini Inta alikimbia.

Uwanjani mbele ya nyumba ya mwenyekiti walikuwa wamefika watu wapya. Gari la wazi lilikuwa limeleta wanaume na wanawake wa Pha Lak kusaidia kutafuta, na mbele yao alisimama Mama Pheng, mjumbe wa kijiji chao, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana aliyezoea kubeba kuni. Alikuwa akimlalamikia Mzee Sonkham kuhusu safari. Wamezunguka barabara ya lami mpaka mgongo umekwisha, alisema, kwa mwendo ambao kwa miguu korongoni ni kutafuna miang, matonge ya majani ya chai, mawili tu.

"Mbona hamkupita korongoni?" Buasi aliuliza.

Mama Pheng alimwangalia kana kwamba ameuliza swali la kitoto. "Tungepitaje, mwanangu? Si hawa wamefunga?"

Mzee Sonkham aliacha kutafuna. "Nani amefunga?"

"Nyie. Huai Sakat. Vijana wangu waliokuja kuchuma uyoga jana wameiona nyota."

"Sisi hatukufunga kitu," mzee alisema polepole. "Ninyi ndio mliofunga."

"Sisi? Tufunge, nani anaumwa?"

Kila kijiji kilidhani ni mwenzake, na kila kimoja kilikaa kimya kwa adabu, kwa sababu mtu haulizi majirani kwa nini wamefunga, kama ambavyo haulizi mfiwa marehemu ameacha nini. Buasi aliwatazama wakielewa, uso baada ya uso. Tangu jana mchana njia ile isingekaa bila mtu hata kwa muda mfupi; wachumaji uyoga, wawindaji, watoto wanaotoka shule wangepita. Hakuna aliyepita. Mwanamke yule alianguka mahali pekee milimani ambapo vijiji viwili vizima viliapa kutotia mguu.

Hakumtazama Thanu mara moja. Alikwenda kwenye basi dogo, akafungua kamba nyekundu kwenye begi moja, akarudi nayo, akaiweka kwenye meza mbele ya kijana yule. Kisha akavuta kiti akakaa, maana alijua akisimama atapiga kelele.

"Uliinunua wapi?"

Thanu aliiangalia kamba. Aliwatazama wazee wa Nonthaburi, akawatazama Walua.

"Duka la zawadi, kule Nan," alisema hatimaye. "Afande, sikutaka ubaya wowote. Juzi mvua ilimega njia. Nilitangulia nikaiona. Wazee hawa ukiwaambia njia inateleza, wanakwambia wao wamepanda milima kabla hujazaliwa. Mwaka jana mmoja aliteguka kiuno hivyo hivyo. Lakini ukiwaambia mizimu imekataa, wanaunganisha viganja kifuani na wanarudi wenyewe, tena wanapiga na picha. Nilitaka niitundike wakiwa wanakula, niishushe tukiondoka."

"Na alipopotea?"

"Nilikwenda pale nikaita. Nyota ilikuwa haijaguswa. Nikasema basi, hajapita."

"Hukuwaambia wanaotafuta kwamba nyota ni yako."

Thanu alianza kulia. Hakuhitaji kueleza, kila mtu pale alijua. Mtu anayetundika taleo ya uongo hutozwa nguruwe na hafukuzwi kijiji kimoja tu, hufukuzwa milima yote, na kiongozi wa watalii asiyeruhusiwa milimani auze nini? Mficha uchi hazai. Alificha aibu yake usiku kucha, na mtu mwingine akailipia.

"Ubaya wako utauona baadaye," Buasi alisema. "Mzee Sonkham, nahitaji kamba na watu wanaojua korongo. Sasa hivi."

Mzee hakusogea. Wanaume nyuma yake nao hawakusogea.

"Nyota imetundikwa," alisema.

"Ya dukani! Ina vanishi!"

"Imetundikwa, na imeonwa, na imeheshimiwa. Mizimu haijui duka. Mkono ulioitundika ndio unaoishusha, na mwenyewe aseme kwa mdomo wake kwamba alidanganya. Bila hivyo nikiwapeleka vijana wangu chini na mmoja akateleza, nitawaambia nini mama zao?"

Tone la kwanza la mvua lilipiga bati la ghala. Buasi angeweza kubishana. Angeweza kutoa amri, na watu hawa wangeitikia ndiyo afande na wangeshuka wakitetemeka, na watu wanaotetemeka huanguka. Akamshika Thanu ukosi wa fulana, akamwinua.

"Umesikia. Tembea."

Alimwongoza mwenyewe mpaka kwenye ukingo wa korongo, vijiji viwili na wazee wa Nonthaburi nyuma yao, Bwana Thaworn akiwa mbele ya wote. Mvua ilikuwa imeanza kwa kweli. Thanu alipiga magoti kwenye matope akasema, kwanza kwa sauti ndogo, na Mzee Sonkham akamwambia arudie, akasema tena kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: kwamba aliitundika yeye, kwamba hakukuwa na mgonjwa wala tambiko, kwamba aliwadanganya walio hai na wasio hai. Kisha akaishusha. Fundo lililolowa lilimshinda, na Mama Pheng akampa kisu.

Nyota ilipofika chini, wanaume walimpita kama maji yaliyofunguliwa. Kamba zilifungwa kwenye miti, amri zikaenda kwa Kilua, mbele kijana mmoja akijaribu udongo kwa fimbo. Mama Pheng alibaki nyuma hatua chache, akamvuta Buasi mkono.

"Mwanangu," alisema chini kwa chini. "Jana jioni tulisikia sauti."

"Sauti gani?"

"Ya mwanamke. Ilitoka kwenye njia iliyofungwa, ikiita kwa lugha ya Bangkok. Nani angekuwa kule? Tukajua ni kitu kibaya." Alikuwa hamtazami. "Tukakifukuza."

Buasi hakuuliza waliifukuza vipi. Akaanza kushuka.

Maji ya kijito yalikuwa yamegeuka mekundu na yalikuwa yakipanda juu ya mawe moja baada ya jingine. Walimkuta chini ya mwamba uliojitokeza, juu ya jiwe pana ambalo maji yalikwisha kuanza kulilamba. Mguu mmoja ulikuwa umepinda chini ya goti. Alikuwa ameufunga kwa ukanda wa begi na kijiti, kwa unadhifu, kama mtu aliyewahi kuwafunga watoto wa shule. Midomo ilikuwa imepauka. Lakini macho yalikuwa wazi, na alipowaona alijaribu kutengeneza nywele.

Bwana Thaworn, huko juu, aliposikia kelele kwamba yu hai, alikaa chini kwenye matope na suruali yake ya pasi. Binti yake akakaa kando yake.

Mama Pheng ndiye aliyemfikia wa kwanza. Aliingia majini mpaka magotini akaushika ule mguu usiguswe na mkondo, huku wanaume wakiandaa kitambaa cha kumbebea mgongoni. Buasi aliinama karibu ili asikie, kwa sababu sauti ya Saowapha ilikuwa imekauka, ni mkwaruzo tu.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Jana niliita, nikasikia masufuria yanapigwa kule chini. Nikaita tena, yakazidi. Nikasema, basi, wamenisikia, wananijibu. Nikaacha kuita, nisijichoshe bure." Alipumzika, akatafuta pumzi. "Sikuogopa tena usiku kucha. Nilijua kuna mtu anajua niko hapa. Nani alikuwa anapiga? Nataka nimshukuru."

Mvua ilipiga majani, na wanaume wa Pha Lak wakajishughulisha na kamba ambazo zilikwisha kufungwa.

"Ni mimi, dada," alisema Mama Pheng. "Nilikuwa nakufukuza."

Saowapha alimtazama, hakuelewa. Mama Pheng aliangua kilio, kisha akamgeuzia mgongo, akainama ndani ya maji, na akawaambia wampandishe mgongoni.